UCHAMBUZI: Oliech alipata njia; chipukizi wa Laare ataipata wapi?

ASUBUHI na mapema, kabla umande haujakauka kwenye milima ya Nyambene, wachumaji wa miraa wa Laare huwa wamekwisha kupanda mitini na kushuka. Jua likichomoza sawasawa, mzigo umeshafungwa kwa majani ya migomba, umepakiwa katika magari aina ya Hilux na kuanza safari ya takriban kilomita 300 kuelekea Nairobi.

Madereva wa magari hayo hawana sifa ya kwenda mwendo wa kinyonga, na sababu inajulikana na kila mkazi wa Igembe Kaskazini. Miraa huanza kupoteza thamani punde inapochumwa. Ikikawia njiani siku mbili tatu, mwenye mali hana tena cha kuuza.

Kwa ajili hiyo biashara hii imejijengea mnyororo ambao kila kiungo chake kinakijua kinachofuata: mwenye shamba, mchumaji, mfungaji, dereva, mnunuzi wa Nairobi, na ndege inayosubiri katika uwanja wa Wilson kwenda Mogadishu. Soko linapofungwa, kama ilivyofanya Uholanzi mwaka 2013, Uingereza Juni 2014, na Somalia kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, kilio cha mkulima wa Meru husikika hadi Bungeni.

Alasiri, kazi ikiisha, baadhi ya vijana hao hao huonekana wakiufukuza mpira uwanjani. Jioni hujazana kwenye vibanda vya video kutazama ligi ya Uingereza. Washambuliaji wa Ulaya wanawajua kwa majina, kwa klabu na hata kwa mishahara.

Tuchukulie kwamba mmoja wao, mwenye umri wa miaka 15, ana kasi na jicho la bao alilokuwa nalo Dennis Oliech. Msomaji aniwie radhi kwa mfano huu, lakini kijana huyo naye ni mali inayoharibika upesi. Akitimiza miaka 20 bila kuonekana na mtu yeyote wa maana katika soka, basi amechelewa. Je, gari lake ni lipi, na huondoka saa ngapi?

Swali hili lina uzito wa pekee wakati huu ambapo Kenya, Uganda na Tanzania zinajiandaa kwa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) za 2027, wenyeji ambao zilitunukiwa na CAF Septemba 2023. Mabilioni yanamiminwa katika viwanja. Kuhusu wachezaji watakaovitumia baada ya sherehe kuisha, maneno ni machache mno. Maisha ya Oliech ya soka, yaliyokwisha kufungwa kama kitabu, yanatueleza mengi kuhusu pengo hilo.

KIJANA WA KARIBU NA BARABARA

Oliech alizaliwa Nairobi tarehe 2 Februari 1985. Hilo pekee lilikuwa nusu ya bahati yake, kwa kuwa katika miaka ya tisini mtaa wa Mathare ulikuwa na kitu ambacho sehemu nyingi za Kenya hazikuwa nacho: ngazi.

Chama cha vijana cha MYSA kilianzishwa huko mwaka 1987 na Bob Munro, raia wa Canada, na kikawa kikiandaa ligi za watoto ambamo timu ilijipatia pointi si kwa kushinda tu bali pia kwa kuzoa taka mtaani. Mwaka 1994 ilizaliwa klabu ya Mathare United kutokana na chama hicho. Klabu hiyo ikatwaa kombe la taifa mwaka 1998 na tena mwaka 2000, na hatimaye ubingwa wa ligi kuu mwaka 2008.

Kwa hivyo Oliech alipofikia umri wa kuchanganya kasi na nguvu, alikuta klabu inayowaamini vijana, iliyo mwendo mfupi kutoka makao makuu ya shirikisho, na ambayo kocha wa taifa angeweza kuifuatilia bila kuomba marupurupu ya safari. Aliichezea Mathare United na kabla ya kufikisha umri wa miaka 19 alikuwa ameshavaa jezi ya Harambee Stars.

Mwaka 2003 alifunga bao dhidi ya Cape Verde jijini Nairobi ambalo kizazi kizima cha mashabiki kingali kinalisimulia. Ushindi ule wa 1-0 uliirejesha Kenya katika fainali za AFCON baada ya kukosekana kwa miaka 12.

Fainali zenyewe zilifanyika Tunisia mwanzoni mwa 2004, Stars ikiwa chini ya kocha Jacob ‘Ghost’ Mulee. Mali iliilaza Kenya 3-1, kisha Senegal ikaichapa 3-0. Katika mechi ya tatu, mjini Bizerte, Kenya iliicharaza Burkina Faso 3-0 kwa mabao ya Emmanuel Ake, Oliech na John Baraza. Huo ndio ulikuwa ushindi wa kwanza wa Kenya katika historia ya fainali hizo, nayo tarehe ilikuwa 2 Februari. Oliech alikuwa akitimiza miaka 19 siku hiyo hiyo.

Nani angedhani jioni ile kwamba hatacheza tena katika fainali hizo hadi aangike daluga?

BATISTUTA NA RAMANI YA BIELSA

Kufikia hapo kijana huyu alikuwa ameshanaswa na Al-Arabi ya Doha, nchini Qatar. Klabu hiyo ilikuwa imemsajili pia Gabriel Batistuta, mshambuliaji wa Argentina aliyekuwa akielekea ukingoni mwa safari yake baada ya kuvuma Fiorentina na Roma. Kijana wa Nairobi akajikuta kambi moja na mtu ambaye mashabiki wa Kenya walimjua kwa picha za magazetini na televisheni tu.

Kuna visa vya kuchekesha katika kumbukumbu za wawili hao. Batistuta alizaliwa tarehe 1 Februari 1969, siku moja kabla ya siku ya kuzaliwa ya Oliech, ingawa miaka 16 inawatenganisha. Kumbukumbu zinazotumiwa sana humpa Oliech mechi 76 za timu ya taifa na mabao 34. Idadi ya mechi za Batistuta kwa Argentina inakaribia sana hiyo, lakini mabao yake yanapita 50, na rekodi yake ilidumu hadi Lionel Messi alipoivunja mwaka 2016.

Sitaki kuwapima kwa mizani moja. Yule wa Argentina alipigiwa pasi na viungo wa kiwango cha dunia, na alicheza fainali tatu za Kombe la Dunia, akifunga mabao matatu katika mechi moja mwaka 1994 dhidi ya Ugiriki na tena mwaka 1998 dhidi ya Jamaica. Oliech hakuwahi kuikanyaga nyasi ya Kombe la Dunia. Kwa mchezaji aliyetegemea krosi za kubahatisha na maandalizi ya wiki moja, mabao 34 si haba hata kidogo.

Kinachonivutia zaidi ni namna Batistuta alivyopatikana. Hakukulia Buenos Aires. Alikulia Reconquista, mji ulio kaskazini mwa mkoa wa Santa Fe, nchi ya wafugaji wa ng’ombe, mamia ya kilomita kutoka mji mkuu. Hali yake ya kijiografia ilifanana na ya mvulana wa Laare kuliko ya mvulana wa Mathare.

Bahati yake ni kwamba klabu ya Newell’s Old Boys ya mjini Rosario ilikuwa na watu wawili wasiopenda kukaa ofisini. Jorge Griffa aliongoza idara ya vijana, na chini yake alikuwapo kocha kijana aitwaye Marcelo Bielsa. Bielsa aliichukua ramani ya Argentina, akaigawa katika sehemu zipatazo 70, kisha akaizunguka kwa gari dogo aina ya Fiat 147 akiwapima vijana kila alikopita. Katika misafara ya namna hiyo ndipo walipogonga mlango wa wazazi wa Mauricio Pochettino usiku wa manane katika kijiji cha Murphy.

Batistuta alijiunga na klabu hiyo akiwa amekaribia miaka 20, umri ambao kwetu tungesema ameshapitwa na wakati. Hakuwa mwepesi na alikuwa na unene wa kupunguzwa. Lakini klabu ilikuwa imefika alikokuwa, na hilo ndilo jambo la msingi. Gari dogo, ramani ya karatasi na watu wawili wenye subira: gharama hiyo haiwezi kuishinda kaunti yoyote ya Kenya.

Ramani ya Kenya ikigawanywa mara 70, Laare isingekosa kuwa katika mojawapo ya sehemu hizo.

MJI MDOGO ULIOCHEZA NA REAL MADRID

Oliech alitoka Qatar mwaka 2005 akajiunga na Nantes nchini Ufaransa. Nantes ilikuwa klabu kubwa iliyokuwa ikiporomoka, na mwaka 2007 ilishuka daraja kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 40. Mwaka huo Oliech alipata makao mapya, Auxerre, na huko ndiko alikoishi miaka yake bora.

Ninaomba tutue kidogo Auxerre, kwa kuwa wachambuzi wetu wengi huitaja kama kituo tu katika orodha ya klabu za Oliech. Auxerre ni mji wa Burgundy, katika eneo la wakulima wa zabibu na watengenezaji mvinyo, na wakazi wake hawafiki 40,000. Kwa maneno mengine, ni mji unaoishi kwa zao la shambani, kama Laare na Maua zinavyoishi kwa miraa.

Klabu yake iliasisiwa mwaka 1905 na kasisi Ernest Deschamps, na uwanja wake ungali na jina la kasisi huyo. Kwa miongo kadhaa iliishi katika ligi za madaraja ya chini ambako hakuna aliyeijali. Kisha akaja Guy Roux, aliyekabidhiwa timu mwaka 1961 na ambaye, ukiondoa vipindi vifupi, hakuiachia hadi 2005. Roux alikuwa na sifa ya ubahili. Hakununua wachezaji wa bei kubwa iwapo angeweza kuwalea wake mwenyewe. Kituo chake cha malezi kilimtoa Eric Cantona, kikamtoa Basile Boli, kikamtoa Djibril Cissé. Auxerre ilipanda ligi kuu mwaka 1980 na mwaka 1996 ikatwaa ubingwa wa ligi na kombe katika msimu mmoja.

Oliech alikuta urithi huo. Chini ya Jean Fernandez, akisaidiana mbele na Mpolandi Ireneusz Jeleń, Auxerre ilimaliza ya tatu katika msimu wa 2009-10 nyuma ya Marseille na Lyon. Ikaibandua Zenit St Petersburg katika mchujo na kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, ikapangwa na Real Madrid, AC Milan na Ajax.

Haikufika mbali. Milan iliifunga mara mbili, Real Madrid vivyo hivyo, ikiwemo 4-0 jijini Madrid Desemba 2010, na ushindi wake wa pekee ulikuwa 2-1 dhidi ya Ajax nyumbani. Hata hivyo, mji mdogo wa wakulima ulikuwa umewaleta Cristiano Ronaldo na Zlatan Ibrahimovic hadi mlangoni pake, na miongoni mwa washambuliaji wa mji huo alikuwa Mkenya. Mwaka uo huo McDonald Mariga alikuwa ametwaa taji la mashindano hayo akiwa na Inter Milan. Kenya haijapata kuwa na mwaka kama huo Ulaya.

Baadaye mambo yaliharibika. Auxerre ilishuka daraja mwaka 2012 baada ya misimu 32 mfululizo katika ligi kuu. Oliech aliyekuwa akisumbuliwa na majeraha aliondoka mwaka 2013 kwenda Ajaccio, kisiwani Corsica, nayo ikashuka daraja mwaka uliofuata. Kituo chake cha ughaibuni baada ya hapo kilikuwa Dubai.

MIAKA 15 YA KIZA

Wapo wanaodai kwamba Oliech hakuisaidia Kenya alivyoisaidia Auxerre, na kwamba alikuwa mwepesi wa kukosa safari za timu ya taifa. Malalamiko hayo yana chembe ya ukweli, lakini lazima tuulize timu yenyewe ilikuwa katika hali gani.

Miezi minne baada ya Bizerte, Juni 2004, FIFA iliipiga Kenya marufuku kufuatia hatua ya serikali ya kuvunja uongozi wa shirikisho. Marufuku hiyo iliondolewa Agosti. Oktoba 2006 ikaja nyingine, iliyodumu hadi Machi 2007. Oliech alikuwa na miaka 21, umri ambao mshambuliaji hujifunza kuzoeana na wenzake.

Kenya ilifungwa na Eritrea nyumbani na ugenini katika mechi za kufuzu fainali za 2008. Halafu tukaingia enzi ya vyama viwili hasimu, KFF na FKL, kila kimoja kikijiita mwenye soka ya Kenya. Mvutano huo haukutulia hadi FKF ilipoundwa mwaka 2011. Malalamiko ya wachezaji kuhusu tiketi na marupurupu yalikuwa habari za kawaida kurasani.

Hata katikati ya vurumai hiyo, Stars iliweza kufika raundi ya mwisho ya kufuzu Kombe la Dunia la 2010. Novemba 2009 uwanjani Kasarani, Oliech aliwafungulia mashabiki sherehe kwa kuitangulia Nigeria kwa bao la mapema. Mechi iliishia 3-2, Obafemi Martins akifunga mawili, na Nigeria ndiyo iliyopanda ndege ya Afrika Kusini.

Kenya ilirudi AFCON mwaka 2019 nchini Misri. Hesabu yake ni rahisi na inauma: kati ya 2004 na 2019 ni miaka 15, na hiyo ndiyo takriban urefu wa maisha yote ya mchezaji wa kulipwa. Oliech aliingia kizani akiwa na miaka 19 na taifa likatoka humo akiwa na miaka 34.

Januari mwaka huo alikuwa amejiunga na Gor Mahia baada ya kipindi kirefu bila klabu. Alivunjika mkono katika mechi ya bara, akafunga mabao machache, Gor ikatwaa ubingwa, na kabla ya mwaka kwisha pande hizo mbili zilikuwa zimeachana. Michael Olunga ndiye aliyefunga mawili katika ushindi wa 3-2 dhidi ya Tanzania jijini Cairo.

Anayedhani kwamba tulijifunza akumbuke Novemba 2021, waziri alipouvunja uongozi wa FKF, na Februari 2022, FIFA ilipotupiga marufuku kwa mara ya tatu katika miaka 18. Stars ikakosa hata kushiriki mechi za kufuzu fainali za 2023. Washambuliaji waliokuwa na miaka 21 wakati huo nao wametoa sadaka yao.

KUTOKA LAARE HADI KINORU

Sasa turudi Nyambene. Uwanja wenye hadhi ulio karibu zaidi na Laare ni Kinoru, mjini Meru, zaidi ya kilomita 50 kutoka hapo. Ulifanyiwa ukarabati kwa matumaini ya fainali za CHAN za 2018, lakini CAF ikaipokonya Kenya mashindano hayo Septemba 2017 na kuipa Morocco kwa sababu maandalizi yalisuasua. Meru ikabaki na uwanja bila mashindano.

Uwanja si kitu kibaya. Agosti 2025, Kenya ilipoandaa CHAN pamoja na Tanzania na Uganda, tuliona faida yake. Ryan Ogam wa Tusker alifunga bao lililoizamisha Morocco, akafunga jingine dhidi ya Zambia, na muda si muda alikuwa safarini kwenda Wolfsberger ya Austria. Stars iliondolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali, lakini mshambuliaji mmoja alikuwa ameonekana.

Lakini Ogam alikuwa tayari ndani ya klabu ya ligi kuu. Uwanja humsaidia aliyekwisha kufika. Kijana wa Laare anahitaji kitu kinachotangulia uwanja kwa miaka mitano au sita.

Kwanza, anashindana na miraa yenyewe. Mchumaji hodari analipwa siku hiyo hiyo, na tatizo la wavulana kuacha shule wakafuata mitini limelalamikiwa Igembe kwa miaka na mikaka. Kocha anayemwambia mvulana asubiri miaka sita anashindana na noti iliyo mkononi leo. Sisemi hivi kuilaumu miraa, kwa kuwa karo nyingi za Meru zimelipwa na zao hilo. Nasema tu kwamba soka haina ofa yoyote mezani.

Kisha kuna suala ambalo makocha wa vijijini hawalitaji vya kutosha. Kathinoni, kiungo kinachompa mtafunaji wa miraa nguvu ya kukesha, imo katika orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku wakati wa mashindano na shirika la WADA. Chipukizi aliyezoea kutafuna anaweza kuangushwa na kikombe cha mkojo siku ile ile anayofunga bao la maisha yake.

Hata hivyo, pengo kubwa zaidi ni la makaratasi, na hapa ndipo Laare inapopoteza pesa pasipo kujua. Tangu 2001, kanuni za FIFA zinaagiza kwamba mchezaji anaponunuliwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada igawiwe klabu zote zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila mwaka kati ya 12 na 15 una thamani ya robo ya asilimia moja ya ada nzima. Kuanzia 16 ni nusu asilimia kwa mwaka.

Chukua klabu ya kijiji iliyomlea mvulana kwa miaka hiyo minne ya kwanza. Ingestahili asilimia moja. Mchezaji huyo akiuzwa baadaye kwa euro milioni mbili, bei isiyo ya ajabu Ulaya, klabu hiyo ya kijijini ingedai euro 20,000, ambazo ni zaidi ya Sh2 milioni. Na ingedai tena kila anapouzwa akiwa chini ya mkataba.

Lakini fedha hizo hulipwa kwa klabu iliyosajiliwa, kwa mchezaji aliyesajiliwa, kwa tarehe zilizoandikwa. Timu inayokutana jioni, ikapewa jina la nyota wa Ulaya na kusambaratika msimu wa mvua, haina cha kuonyesha. Kijana wake akihamia Nairobi akiwa na miaka 17, maisha yake ya soka yataanzia Nairobi katika vitabu, kana kwamba alidondoka kutoka mbinguni.

Kazi hii haihitaji mabilioni. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaorodhesha michezo na vifaa vyake miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Afisa mmoja wa michezo katika kila kaunti ndogo, mwenye pikipiki na daftari, angeweza kuzisajili timu za watoto wa Laare, Mutuati na Maua na kuziandalia ligi ya mwaka mzima badala ya kombe la mwanasiasa la wiki mbili ambalo huzaliwa karibu na uchaguzi na kufa baada yake. Jezi na mipira ya kampeni tumeipokea vya kutosha.

Upande wa shirikisho, uchaguzi wa Desemba 2024 ulimweka Hussein Mohammed kuwa rais wa FKF na Mariga kuwa naibu wake. Mtu aliyecheza soka ya kiwango cha juu kabisa Ulaya yuko jikoni. Mariga anajua ngazi aliyoipanda mwenyewe. Anajua pia kwamba kikosi alichocheza na Oliech kilitegemea mno vijana waliopitia mitaa ya jiji na shule chache za Magharibi, na kwamba sehemu kubwa ya nchi hii haijawahi kukaguliwa ipasavyo na msaka vipaji yeyote.

Nairobi inajenga uwanja wa viti 60,000 kando ya Barabara ya Ngong kwa ajili ya 2027. Mvulana wa Laare atakayetimiza miaka 12 mwaka huo atakuwa na miaka 19 ifikapo 2034, umri aliokuwa nao Oliech siku ile ya Bizerte. Miaka minne ya kwanza kati ya hiyo saba ndiyo ile ya robo asilimia, na ataicheza, akipata nafasi, katika uwanja wa vumbi ulio karibu na kituo cha magari ya miraa, ambapo hadi sasa Hilux hupita kila siku zikiwa zimejaa na haziondoki na mchezaji hata mmoja.